Lori Linajaa Kabla Halijalemewa

Pandisha kwenye mizani tela la mita 13.6 lililojaa marobota madogo ya alfalfa, majani makavu ya kulishia mifugo, kisha soma namba. Kwa macho mzigo unatisha: umepanda mita 2.7 juu ya sakafu ya tela, umefunikwa turubai, mikanda imekazwa mpaka imezama ndani ya majani. Mizani inasema tani 14 na ushee. Gari hilohilo likibeba saruji litafika tani 27 na juu patabaki peupe. Hizo tani 12 au 13 zinazopungua zimelipiwa dizeli, matairi, dereva na vibali, lakini zilichobeba ni hewa. Watu wanapozungumza kuhusu barabara kama injini ya uchumi wa kanda, hewa hiyo haiingii kwenye hesabu.

Barabara peke yake haiinui kanda ya kilimo. Kwa zao kama alfalfa, jembe la kwanza la usafirishaji linapigwa shambani na kwenye ghala, kabla gari halijawashwa, na la pili linapigwa gari linapogeuza kurudi. Lami ni ya katikati. Ni muhimu, lakini ndiyo inayopata bajeti na mikasi ya uzinduzi, wakati ncha mbili zinaachwa zijitafutie.

Tuanze na hesabu, maana haina ugumu wowote. Robota dogo la kawaida lina upana wa sentimita 46, kimo cha 36 na urefu wa 90, na uzito wake ni kilo 22 hadi 25. Ukiyapanga, mita moja ya ujazo inachukua kilo 160 hivi. Tela tulilolipima lina nafasi ya mita za ujazo 90, kwa hiyo linameza marobota kama 600. Robota kubwa la mstatili, lenye mita 0.9 kwa 1.2 kwa 2.4, hubeba kilo 500 hadi 600, na tela linafika tani 18 hadi 20. Majani yakipitishwa tena kwenye shinikizo la haidroliki, yaani mashine ya kuyabana kwa nguvu, yakashindiliwa mpaka kilo 400 kwa mita ya ujazo, hali inageuka kabisa: sasa uzito ndio unaofika kikomo kwanza na nafasi inabaki.

Chukua safari ya kilomita 400. Lori linakwenda na mzigo likila lita 38 kwa kila kilomita 100 na kurudi tupu likila 25. Jumla ni lita 252. Zigawe kwa tani 14.4 za marobota madogo, unapata lita 17.5 kwa kila tani. Zigawe kwa tani 20, unapata 12.6. Kwa tani 27 ni 9.3. Hakuna koleo hata moja la changarawe lililomwagwa barabarani, na dizeli kwa tani imepungua karibu nusu. (Gari zito hula zaidi kidogo kuliko lile la tani 14, kwa hiyo ongeza lita chache. Mwelekeo haubadiliki.) Hapo bado hatujahesabu upakiaji. Marobota 600 ya kutupwa kwa mkono yanawachukua watu watano sehemu kubwa ya asubuhi, na gari limesimama. Marobota makubwa 33 yanapandishwa na kipakizi kimoja kwa chini ya saa moja.

Kwa nini basi kila mkulima asishindilie? Kwa sababu shinikizo hilo linahitaji umeme wa uhakika na mzigo wa kutosha ili lisilale. Mkulima wa ekari 20 hawezi kulilisha. Mahali pake ni kituo cha kukusanyia, chenye mizani, ghala na kipima unyevu, kinachohudumia mashamba yaliyo umbali ambao trekta lenye tela linaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Kituo cha namna hii ni miundombinu ya usafirishaji sawasawa na daraja. Ajabu ni kwamba katika mipango mingi huwekwa chini ya kilimo, barabara zikawekwa chini ya ujenzi, na hakuna anayejibu swali la kwa nini magari yanatembea nusu uzito.

Kuna sharti moja ambalo shinikizo halina msamaha nalo, nalo ni unyevu. Alfalfa inapokatwa ina maji asilimia 75 hadi 80. Inatandazwa ikauke, kisha inakusanywa kwa reki kuwa mistari ikiwa bado na unyevu wa asilimia 40 hivi. Wengi hukosea hapa. Wanasubiri ikauke vizuri ndipo wapitishe reki, na vijani vinapukutika vyote vikabaki ardhini. Vijani ni kama nusu ya uzito wa mmea, lakini vimebeba takriban theluthi mbili ya protini yake. Ukivipoteza, unachofunga ni mabua. Robota dogo linaweza kufungwa likiwa na unyevu wa asilimia 18. Robota kubwa lililobanwa sana halipumui, kwa hiyo lisizidi asilimia 14 hadi 16. La kushindiliwa kwa safari ya baharini linatakiwa lishuke mpaka 12. Kwenye maeneo makavu mchana majani hukauka kupita kiasi, ndiyo maana wafungaji wazoefu hufanya kazi usiku au alfajiri, umande kidogo ukiwa umelainisha vijani visivunjike.

Ukikosea kwa upande wa maji, adhabu ni mbili. Ya kwanza ni ya kimya: tani 25 zenye unyevu wa asilimia 18 zina tani 4.5 za maji, wakati zenye asilimia 12 zina tani 3. Umesafirisha tani moja na nusu ya maji kilomita 400 na mnunuzi mwenye kipimo mkononi hatakulipa. Ya pili ina moshi. Robota bichi huanza kuchemka lenyewe kwa kazi ya vijidudu, na hatari kubwa iko katika wiki mbili hadi sita za kwanza baada ya kufungwa. Chomeka kipimajoto kirefu katikati ya rundo. Nyuzijoto 55 ni dalili ya kupima kila siku. Kwenye 65 pima kila baada ya saa chache. Ikifika 80, kuna uwezekano mkubwa kwamba moto tayari umo ndani unasubiri hewa, na anayelivuta robota hilo ili alipakie ndiye anayeupa hiyo hewa. Zima moto waitwe kwanza, rundo liguswe baadaye. Fikiria robota kama hilo likiwa limefungwa kwenye tela, upepo wa kilomita 80 kwa saa ukilipuliza.

Kwa hiyo majani mapya yanatakiwa kukaa wiki kadhaa, mpaka hatari hiyo ipite, kabla ya kushindiliwa na kusafirishwa. Kukaa kunahitaji paa. Ghala, kwa maana hiyo, nalo ni sehemu ya safari.

Sasa twende kwenye kile ambacho lori halikijui. Gari hutozwa kwa uzito au kwa safari, bila kujali kilicho ndani ya uzito huo. Tani 27 za alfalfa iliyokatwa vitumba vinapoanza kufunguka, yenye protini ghafi ya asilimia 20 ya uzito mkavu (yaani baada ya kutoa asilimia 12 ya maji), zina takriban tani 4.7 za protini. Tani 27 za nyasi za kawaida zenye asilimia 8 zina tani 1.9. Mabua ya ngano hayafiki hata tani moja. Gharama ya barabara ni ileile kwa yote matatu. Ndiyo maana alfalfa inavuka mipaka na bahari, nyasi zinavuka wilaya, na mabua yanaliwa pale yalipovunwa.

Alfalfa yenyewe pia hushuka thamani ikicheleweshwa. Ikiachwa mpaka ichanue kabisa, protini inashuka hadi asilimia 15 au 16, na lori lilelile sasa limebeba tani 3.6 au 3.8. Karibu tani nzima ya protini imeyeyuka kwa kuchelewa siku kumi hivi. Na kwa nini mkulima anachelewa? Mara nyingi si uvivu. Ghala lake limejaa mkato uliopita kwa sababu magari hayakuja, na magari hayakuja kwa sababu kalavati moja limekatika au wenye malori wamepata mzigo unaolipa zaidi. Alfalfa inayomwagiliwa hukatwa kila baada ya siku 28 hadi 35, haingoji. Hapo usafirishaji mbovu unakuwa umeharibu ubora wa zao ambalo halijaondoka shambani. Anayepima hasara ya barabara mbovu kwa kuhesabu springi zilizovunjika tu anahesabu sehemu ndogo.

Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba huko Mecklenburg nchini Ujerumani, aliuchora uchumi wa kilimo kama duara zinazouzunguka mji mmoja. Vitu vinavyooza au vinavyochukua nafasi kubwa, kama maziwa, mboga, majani na mabua, viliwekwa duara la kwanza, karibu kabisa na walaji. Nafaka ilikaa mbali zaidi, na mifugo inayotembea kwa miguu yake ikakaa pembezoni. Wakati huo majani yalikuwa mafuta ya mji, kwa kuwa farasi ndio waliovuta kila kitu. Reli ikaja ikazivunja zile duara, kisha kontena likazivunja vipande vidogo zaidi.

Mfano ulio wazi ni Imperial Valley, kusini mwa California, jangwa linalomwagiliwa kwa maji ya mto Colorado, ambako alfalfa hukatwa mara 8 hadi 10 kwa mwaka. Kontena za futi 40 huingia bandari za Los Angeles na Long Beach zikiwa zimejaa bidhaa za viwanda kutoka Asia, na meli haina cha kutosha cha kurudi nacho. Kontena tupu linachukua nafasi na halilipi. Mwenye meli akipata tani 26 za majani yaliyoshindiliwa, hata kwa nauli ndogo, amefaidika. Ndiyo siri ya jambo linalowashangaza wengi: kuna nyakati imekuwa nafuu kuyapeleka majani hayo ng'ambo ya Pasifiki kuliko kuyapandisha lori mpaka kwa wafugaji wa kaskazini mwa jimbo hilohilo. Umbali kwa kilomita na umbali kwa gharama ni vitu viwili tofauti.

Lakini unafuu huo ni wa kuazima. Mvutano wa kazi kwenye bandari za magharibi mwa Marekani mwaka 2014 na 2015 uliwaacha wauzaji na majani yaliyokwama. Mwaka 2021 nauli za kutoka Asia zilipanda kiasi kwamba wenye meli waliona heri kuzikimbiza kontena tupu kurudi China haraka kuliko kuzituma bara zikapakiwe majani, na malalamiko ya wauzaji wa mazao yalichangia sheria mpya ya usafirishaji wa baharini iliyosainiwa na Rais Biden Juni 2022. Hispania nayo, ambayo bonde lake la Ebro hukausha alfalfa kwa mashine na kuiuza kwa wingi Mashariki ya Kati, ilishtuka pale mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023 na meli zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kanda inayojenga uchumi wake juu ya nafasi tupu kwenye meli ya mtu mwingine imejifunga kwenye hamu ya walaji wasioijua hata jina.

Na kilichomo ndani ya kontena si majani tu. Shamba linalotunzwa vizuri hutumia mita za ujazo 500 hadi 670 za maji kutengeneza tani moja ya alfalfa kavu. Zidisha kwa 26. Kontena moja linatoka na mita za ujazo 13,000 hadi 17,000 ambazo hazionekani kwenye hati yoyote ya forodha. Saudi Arabia iliiona hesabu hiyo. Mwaka 2015 ilitangaza kuacha hatua kwa hatua kilimo cha malisho ya kijani kilichokuwa kikinyonya maji ya chini ya ardhi, ikageukia kununua nje. Upande wa pili wa hesabu ulionekana Arizona, ambako Oktoba 2023 Gavana Katie Hobbs alitangaza kuvunja mkataba na kutoongeza mingine ya ardhi ya serikali katika Butler Valley, ardhi iliyokuwa ikilimwa alfalfa kwa ajili ya ng'ombe wa Saudi Arabia. Bandari nzuri na barabara nzuri ndizo zilizowezesha maji ya bonde moja kunywewa na ng'ombe wa bara jingine. Sioni ubaya wa biashara yenyewe. Ubaya ni kuuza maji kwa bei ya majani.

Swali linaloamua kama kanda itakua au itabaki shamba la kupita malori ni hili: ng'ombe anakaa wapi? Chukua ng'ombe 100 wanaokamuliwa lita 25 kila mmoja kwa siku, wakipewa kilo 8 za alfalfa kavu pamoja na vyakula vingine. Tani 27 zinawatosha siku 33 na ziada. Katika siku hizo 33 wametoa zaidi ya lita 80,000 za maziwa, zaidi ya tani 80, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kwa hesabu hiyo tu, ni afadhali majani yamfuate ng'ombe aliye karibu na mji kuliko maziwa kusafiri kutoka mbali. Lakini ng'ombe huyo anakula pia sileji, malisho mabichi yaliyochachushwa, ambayo theluthi mbili yake ni maji na haivumilii safari ya zaidi ya makumi machache ya kilomita. Sileji inamvuta ng'ombe kuelekea shambani, maziwa yanamvuta kuelekea mjini, na alfalfa kavu iko tayari kwenda popote.

Kinachokata shauri ni uhakika wa barabara, na mwendo kasi hauhusiki sana. Maziwa yanatakiwa yawe yameshuka hadi nyuzijoto 4 ndani ya saa 2 baada ya kukamuliwa, na gari la tangi lazima lipite kila siku au kila baada ya siku mbili, mvua iwe au isiwe. Barabara ikifungwa siku tatu, muuzaji wa majani anasogeza tarehe ya kupakia. Muuzaji wa maziwa anamwaga. Kwa hiyo kanda yenye barabara ya lami nzuri kwa miezi kumi na tope kwa miwili itauza majani milele, hata kama wataalamu wa mipango wataiimbia viwanda vya jibini. Ng'ombe watakaa kwingine, na pamoja nao watakaa daktari wa mifugo, fundi wa mashine za kukamulia, muuza vipuri na mshahara wa kila mwezi.

Ndiyo maana ningeweka fedha za kwanza kwenye kalavati na mifereji ya barabara za vumbi, kabla ya tabaka la lami kwenye barabara kuu ambayo tayari inapitika. Kalavati linalobeba tani 10 linaamua ukubwa wa gari kwa njia nzima, hata kama kilomita 60 zinazofuata ni za kiwango cha juu. Mzigo utashushwa kwenye gari dogo na kupakiwa upya kwenye kubwa, na kila upakiaji wa robota dogo unavunja kamba kadhaa na kumwaga vijani, vile vilevile vyenye protini. Vumbi nalo si kero tu: mistari ya majani iliyo kando ya barabara ya udongo hupakwa mchanga, na mnunuzi akipima majivu maabara anashusha daraja la mzigo wote.

Halafu kuna safari ya kurudi. Kila tani ya alfalfa kavu inaondoka na potashi kilo 25 hadi 30 kutoka ardhini, na fosfati kilo 6 au 7. Naitrojeni mmea hujitafutia wenyewe hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo wengi hudhani zao hili halichoshi udongo. Shamba linalotoa tani 15 kwa hekta limepoteza kilo 400 hivi za potashi kwa mwaka. Dalili huanza na vidoa vyeupe kwenye kingo za vijani, kisha mimea inapungua na magugu yanaingia, na shamba lililopaswa kudumu miaka mitano linang'olewa mwaka wa tatu. Samadi ya ng'ombe waliokula majani hayo ndiyo ingekuwa mzigo wa haki wa kurudia, ila haiwezi kuwekwa kwenye tela la malisho bila kuoshwa kwa shinikizo la maji na kukaushwa, kwa sababu ya mbegu za magugu na vimelea. Mbolea ya potashi ya magunia haina shida hiyo. Gari moja la tani 27 za mbolea yenye potashi asilimia 60 lina tani 16.2 za potashi, zinazotosha kufidia tani 600 za majani, yaani safari 22 za kwenda. Mbolea basi inajaza kurudi kwa gari moja tu kati ya 22. Hayo 21 mengine yanarudi na nini? Saruji, chumvi ya mifugo, vyakula vya dukani, vipuri vya pampu? Kanda ambayo haina jibu italipia dizeli ya kurudi tupu ndani ya bei ya kila robota.